Mawingu Aliyoyafuta Milka

Ukifa Kosele, unavaa suti. Hata kama maisha yako yote uliyapitisha na shati moja la sokoni na lingine la shambani, siku bango lako litakapotundikwa mbele ya hema la matanga utakuwa ndani ya suti ya bluu iliyokolea na tai nyekundu, na nyuma yako maua ambayo hukuwahi kuyapanda. Suti yenyewe ni moja tu. Wameivaa wavuvi, makuli, mwalimu wa chekechea, na mlevi mmoja ambaye koti la mwisho aliloonekana nalo alilivua ili apigane. Fundi aliyewavalisha wote hao alikuwa mwanamke, na alikaa kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu na mbolea, mgongo ukimuuma.

Jina lake Milka, binti wa Ryoba wa Kegonga, Mkuria aliyeolewa kwa Wajaluo na mpiga picha aitwaye Tony. Nyumbani kwa wakwe hakuna aliyemwita Milka. Aliitwa nyar Kuria, yaani binti wa Ukuria, na kwa miaka mingi jina hilo lilitamkwa kwa upendo, hasa na mama mkwe wake, ambaye naye wote walimwita min Tony, mama yake Tony. Tony alipiga picha, Milka akazitengeneza. Jina la Tony ndilo lililoandikwa mlangoni, Tony ndiye aliyepigiwa honi barabarani. Hilo halikumsumbua Milka. Watu walioleta kitambulisho cha marehemu kilichochakaa hawakumuulizia Tony. Waliuliza, "Nyar Kuria yuko?"

Kuvalisha suti ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa, ile iliyomfanya ajulikane mpaka Homa Bay mjini, ilikuwa kuongeza watu. Familia hupigwa picha kando ya jeneza, na siku hizi familia haijai: mmoja yuko Qatar, mwingine amenyimwa ruhusa kazini, mwingine amegombana na kaka zake. Milka aliletewa picha zao kwenye simu, akawakata, akawageuza, akawapandisha na kuwashusha, akawapa kivuli chao chini, na familia ikajaa. Akina mama walilia wakizipokea. Yeye alisema hadanganyi mtu, anawasaidia tu kukaa pamoja.

Baba yake Tony alipozikwa, mdogo wa marehemu, Mzee Osewe, hakuwepo. Alikuwa Muhuru Bay akisubiri omena zake, dagaa wa ziwani, zikauke, akafika kaburi likiwa limeshafunikwa. Aibu ilimkamata. Alikuja studio peke yake, akavua kofia.

"Nyar Kuria, niweke hapo karibu na ndugu yangu," alisema. "Na unipatie leso mkononi, nikae mtu analia."

Milka alimweka, na leso akampa. Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwa min Tony, na mgeni yeyote anayeingia humwona Osewe akimlilia kaka yake kwenye mazishi ambayo hakuhudhuria. Mkumbuke mzee huyu na leso yake.

Kwa kazi kama hiyo kompyuta ya zamani ilikuwa imechoka. Ukifungua bango, ilikwama. Ukiongeza mtu wa tatu, ilizima, na wafiwa wamekaa pale mlangoni na hema limeshakodiwa. Zamu yake ya kupokea pesa za chama cha wanawake ilipofika, Milka hakununua sofa wala ng'ombe. Alimwambia Tony wapande gari waende Migori, kwa Bashir, aliyekuwa na duka la kompyuta zilizotumika Ulaya, zile ambazo watu huziita ex-UK.

Mahali pengine mtu akienda kununua kompyuta anauliza bei. Milka alikwenda na flashi iliyojaa mabango yake mazito, na picha moja iliyochapishwa ya bibi kizee mweusi ti, ameikunja ndani ya gazeti isichubuke.

Macho ya Tony yalitua moja kwa moja kwenye mashine yenye ubavu wa kioo, feni zake zikiwaka nyekundu, kijani na zambarau.

"Hii sasa ndio kompyuta," alisema. "Customer akiingia anaona tuko serious."

"Customer haji kuangalia feni," Milka alimjibu. "Bashir, hii RAM ni ngapi?"

"Nane, mama. Lakini graphics iko juu. Vijana wanaipenda sana."

"Vijana wanacheza game. Mimi nafungua bango ya futi kumi. Hiyo nane itanifia katikati. Nionyeshe ile nyeusi iko pale chini."

Bashir alicheka, akainama, akalivuta sanduku jeusi lililochubuka kona, halina taa, halina kioo, halina chochote cha kujisifia. "Hii ilikuwa ya ma-architect. Haina sura lakini iko na nguvu. RAM ni thirty-two, na disk ni SSD, hautangoja."

Kisha wakaja kwenye skrini, na hapo ndipo Tony alipoona haya. Milka alimfungua yule bibi kizee kwenye skrini ya kwanza, akaweka picha iliyochapishwa kando yake. Skrini ilimfanya bibi kuwa wa kijivu, kana kwamba amepakwa majivu. Ya pili iliwaka mno. Ukiuamini mwanga ule utaitia picha giza, na siku ya kuchapisha marehemu atatoka mweusi kama sufuria ya kuni. Ya tatu ilionekana imepooza, lakini bibi alikuwa bibi yule yule. Milka alisogea kushoto akamtazama, akasogea kulia akamtazama, akachuchumaa, akapanda juu ya kiti. Rangi hazikugeuka.

"Unacheza densi ama unanunua kompyuta?" Tony alimuuliza kwa sauti ya chini.

Milka alishuka kwenye kiti. Alikuwa na jaribio moja bado. Alimuuliza Bashir kama ana picha ya mtu wake aliye mbali, na Bashir akatoa simu akamwonyesha kaka yake, Abdikarim, aliyekuwa Afrika Kusini tangu wakiwa vijana. Milka alimpiga Bashir picha pale mlangoni pa duka, akaketi mbele ya lile sanduku jeusi. Jua lilikuwa limempiga Bashir kutoka kushoto na Abdikarim kutoka kulia, kwa hiyo alimgeuza Abdikarim. Akamshusha mabega kidogo, akampa kivuli, akauchukua mkono wake akauweka begani kwa mdogo wake. Mashine haikukwama hata mara moja. Wateja walikuwa wameshajikusanya nyuma yake.

"Haya," alisema, "tafuta mshono."

Bashir alitafuta. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. "Wallahi," alisema polepole, "hata mama yangu akiona hii ataapa tulikuwa pamoja."

"Basi ni hii," Milka akasema, na Bashir akachukua ile kompyuta yao ya zamani waliyokuja nayo ili apunguze bei.

Milka alitoka pale akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo hata siku ya kuolewa. Ndivyo fundi alivyo, humwambii kitu. Lakini kumbuka alichokichagua: mashine inayounganisha watu hata mama mzazi akaapa. Laiti angechukua ile ya mataa ikamkwamia, leo angekuwa bado ana nyumba.

Picha ya kwanza aliyoifungua Milka kwenye mashine mpya ilikuwa yake mwenyewe. Hakuwa na picha ya harusi, maana harusi ya kanisani hawakufanya. Alikuwa na ile iliyopigwa Kegonga siku wakwe walipopeleka ng'ombe wa mahari. Baba yake Tony miguu ilikuwa mibaya, kwa hiyo Osewe ndiye aliyeongoza msafara, na kwenye picha alisimama kushoto na fimbo yake, ng'ombe wamejazana nyuma, mzee Ryoba amevaa koti lililolowa. Katikati alikuwa Tony kwa shati la mistari, mkono wake umelala begani kwa Milka, na Milka kwa gauni la kijani. Siku hiyo mvua ilinyesha Kegonga mpaka ng'ombe wakateleza kwenye kilima. Picha nzima ilikuwa na giza, mawingu yamekaa juu ya vichwa vyao.

Milka aliyaondoa mawingu. Aliweka anga ya bluu, akalikausha koti la baba yake, akaufuta mguu wa mlevi uliokuwa umejitokeza pembeni. Alipomaliza aliitazama akatabasamu, akaihifadhi juu ya ile ya zamani, kosa ambalo amewagombeza nalo wanafunzi wake wote. Akaichapisha kubwa, akaitia fremu. Ile iliyochapwa zamani, ya mawingu, aliwashia jiko.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Elvis, mdogo wake Tony. Alikuja studio baada ya kushindwa na kazi nyingine zote, na Milka akamfunza kukata, kuongeza, kulinganisha mwanga. Hakuwa mzembe. Tatizo lake lilikuwa kwenye kingo: daima aliacha uzi mwembamba wa rangi pale alipomkata mtu. Milka alimwambia, "Elvis, mtu akitoka, atoke na kivuli chake. Usiache hata nywele." Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, ila hawakusema kwamba wewe mwenyewe ndiye unayeishona nguo.

Tony alikufa barabara ya Oyugis, akirudi na pikipiki kutoka kupiga picha za harusi Homa Bay. Lori halikusimama. Milka aliitwa hospitali, akamtambua kwa viatu.

Kwa Wajaluo mjane huitwa chi liel, mke wa kaburi, na mke wa kaburi hafanyi kazi. Anakaa ndani, analia, anapikiwa. Hashiki jembe, haendi sokoni, haingii kwa watu. Milka aliwaomba wamwache aende studio saa moja tu, amtengenezee mumewe bango. Alijua suti ipi. Alijua picha ipi.

"Hapana, nyar Kuria," Osewe alisema, sauti laini kama ya muuguzi. "Hiyo ni mwiko. Elvis atafanya. Wewe kaa ulie mzee wako." Akanyoosha mkono apewe ufunguo wa studio, na Milka akampa.

Kwa hiyo mwanamke aliyewavalisha wafu wa Kosele nzima alikaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, akingoja kuona mume wake atavalishwa nini. Siku ya mazishi walimshika mikono wakamtoa nje. Bango lilikuwa limetundikwa mbele ya hema. Tony hakuwa na suti. Alikuwa na shati la mistari, anatabasamu, mkono wake umelala begani kwa mwanamke mwembamba aliyembeba mtoto wa kiume, na chini imeandikwa: Baba mpendwa, mume wa Liz.

Huyo Liz alikuwepo, kiti cha mbele, amevaa nyeusi. Alikuwa ameletwa na Osewe kutoka Homa Bay mjini. Milka alimtazama mtoto kwanza. Mtu aliyekata nyuso maisha yake yote hadanganyiki na uso, na masikio yale yalikuwa ya Tony. Ilimuuma, kwa sababu yeye na Tony hawakujaliwa mtoto, na Tony alikuwa akimwambia kila mwaka kwamba haidhuru. Hata hivyo angelimeza hilo. Wanaume wa pale huoa wa pili, na wa kwanza hubaki mikai, mke mkubwa, nyumba yake upande wake. Liz angeletwa kwa heshima, Milka angempikia chai.

Kisha akautazama mkono. Mkono ule ulikuwa umelala begani kwake. Elvis alikuwa ameichukua picha ya Kegonga, akamtoa Milka, akamtoa mzee Ryoba, akawatoa ng'ombe wote, na mahali pa Milka akamweka Liz. Mwanga wa Liz ulitoka kulia na wa Tony ulitoka juu. Kwenye vidole vya Tony, pale vilipokunjikia bega, palibaki uzi mwembamba wa kijani. Lilikuwa gauni lake.

Alisema, "Hiyo picha ni yangu." Wanawake waliomshika walidhani kilio kimempanda kichwani, wakamrudisha ndani.

Walipomaliza kuanua matanga, Osewe aliita kikao sebuleni kwa min Tony. Alisema bila kupepesa kwamba nyar Kuria alikuwa rafiki wa Tony, mfanyakazi wake mzuri, lakini mke hakuwa, kwa kuwa ng'ombe hawakwenda kwao. Mke asiyetolewa ng'ombe hana nyumba katika boma, na studio itabaki kwa mtoto, Elvis akiitunza. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawakumjua Osewe. Yake ilikuwa ndefu na imewekwa lami.

"Mimi Kegonga sijawahi kanyaga," alimaliza. "Hata barabara yake siijui."

Milka alikuja na vitu viwili: kaka yake Nchagwa, aliyesafiri kutoka Kegonga na suruali yake nzuri, na ile fremu ameifunga kwa leso. Alikuwa na uhakika. Kama mtu amesema hajakanyaga Kegonga, na picha inamwonyesha amesimama Kegonga na fimbo yake na ng'ombe nyuma, kuna nini tena cha kubishania? Aliifungua leso akampa mwenyekiti wa ukoo, mzee mtaratibu aliyekuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Huyu ni nani hapa kushoto?" Milka akauliza. "Sio Mzee Osewe?"

Mwenyekiti aliitazama sana. Picha ilizunguka mkono kwa mkono, watu wakinong'ona, na kwa mara ya kwanza Osewe alikohoa. Mwenyekiti akamgeukia Nchagwa, amwambie mwenyewe siku ile ilivyokuwa.

Nchagwa ni mkulima. Hajui kuongea sana, na hajui kusema uongo kabisa. Alisimama akaeleza yote. Ng'ombe walifika asubuhi. Mzee Osewe alikuwa mbele. "Na ile siku mvua ilinyesha, wazee wangu, mvua mbaya. Kutoka asubuhi mpaka tukalala. Ng'ombe mmoja aliteleza pale kwa kilima karibu avunjike mguu, huyu mzee mwenyewe alimvuta na kamba. Tulilowa sisi wote. Baba alishikwa na homa juu ya hiyo mvua."

Alikaa chini, ameridhika kwamba amemsaidia dada yake. Milka alikuwa ameshafunga macho.

Mwenyekiti aliinua fremu, akaisogeza dirishani. "Mvua iko wapi?" aliuliza. "Mimi naona jua hapa. Naona anga blue kama ya Mombasa. Koti ya baba yenu imekauka."

"Nilitoa mawingu," Milka alisema.

"Ulifanya nini?"

"Kulikuwa na mawingu. Niliyatoa, nikaweka anga. Nilitaka tu ikae vizuri. Lakini watu sijawagusa, baba. Watu ni wale wale."

"Umetoa nini kingine?"

Angeweza kusema hakuna. Lakini alikuwa dada yake Nchagwa. "Mguu ya mlevi," alisema.

Mmoja akacheka, na kicheko kikazunguka chumba. Haikuwa hata kicheko cha ubaya, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kila mtu aliyekuwa mle ndani alikuwa ameshapita mikononi mwake. Huyu alimwongezea mtoto wa Qatar, yule alimpa marehemu wake suti. Osewe hakucheka. Alinyoosha fimbo yake ukutani, kwenye picha ya mazishi ya kaka yake.

"Wazee, muangalie pale," alisema. "Mimi ndio huyo nalia na leso. Na nyinyi wote mnajua hiyo siku nilikuwa Muhuru. Nani aliniweka hapo? Ni huyu. Kama aliniweka kwa mazishi ya ndugu yangu, Kegonga atashindwa kuniweka?"

Mtu huyo aliichukua aibu yake mwenyewe, ile iliyomleta studio na kofia mkononi, akamchapa nayo Milka mbele ya ukoo mzima. Ningekuwa mle ndani ningemtemea mate.

Mwenyekiti alijaribu kuwa wa haki. Aliagiza bango liletwe, akaliweka kando ya fremu. Tony mmoja, shati moja, tabasamu moja, wanawake wawili. "Moja ya hizi imetengenezwa," alisema. "Shida ni kujua gani. Nyar Kuria, nikuulize. Kwa hii kazi, kati yako na Elvis, nani fundi?"

Swali hilo aliwahi kuulizwa mara nyingi, na jibu lake lilikuwa la kweli, na alilitoa kabla hajalifikiria. "Ni mimi. Elvis nilimfunza mimi."

"Sasa hii ya Elvis, hata mimi na macho yangu mbovu naona iko na mstari hapa kwa bega. Lakini hii yako haina mstari popote." Alivua miwani. "Picha ya ukweli inakuwanga na makosa, mama. Hii yako ni safi sana."

Milka alimgeukia mama mkwe wake. Min Tony alikuwa kwenye kiti chake, mtoto wa Liz amelala mapajani. Alfajiri ile ya ng'ombe ndiye aliyewafungulia zizi. Ndiye aliyempokea Milka siku aliyofika, akamfundisha kupika samaki kwa namna ya pale, akamtetea miaka yote ambayo tumbo lilikuwa tupu.

"Mama," Milka alisema. "Waambie."

Min Tony aliyavuta masikio madogo ya mtoto, taratibu. "Mimi ni mwanamke," alisema bila kuinua macho. "Ng'ombe wanaondokanga alfajiri. Nilikuwa nimelala."

Hapo Milka alichoka. Nchagwa alitaka waende mahakamani Homa Bay, alitaka kuleta majirani wote wa Kegonga wawili wawili. Huenda wangeshinda. Lakini Milka hakutaka kuthibitishwa mke na hakimu mbele ya watu waliokula ugali wake. Aliwachukia, na alimchukia Tony kuliko wote, aliyekufa akamwachia masikio yale ya kuyatazama. Alikwenda kukunja nguo zake.

Walimruhusu apitie studio achukue vitu vyake vidogo. Lile sanduku jeusi lilikuwa limewashwa, na kwenye skrini, ile ambayo haigeuzi rangi ukiitazama kwa pembeni, walikuwapo Tony na Liz na mtoto. Walitaka kulitengeneza bango upya, kubwa zaidi, la kutundika mlangoni.

Elvis alisimama haraka akamwachia kiti, kama alivyozoea. Akabaki anasugua viganja.

"Shemeji," alisema. "Pole. Mimi nilifanya vile Mzee alisema." Halafu, kwa kuwa kazi ilikuwa imemshinda na hakuwa na mwingine wa kumuuliza, akaongeza, "Hapa kwa vidole kumebaki hii kitu ya kijani. Nimejaribu, inakataa. Naitoaje?"

Milka aliinama akatazama. Ulikuwa uzi mdogo, upana wa ukucha, umekamatwa kati ya kidole cha kati na cha pete. Angeutoa kwa kufumba na kufumbua. Alimfunza mwenyewe namna ya kufanya, mara nyingi, na Elvis hakuwahi kushika.

"Hapo usiguse," alimwambia. "Hiyo iko ndani ya kidole. Ukiitoa, mkono wote utaharibika."

Elvis aliinamisha kichwa akamshukuru. Hakuwa na sababu ya kutomwamini. Fundi ndiye aliyesema. Milka alichukua flashi yake na picha ya yule bibi kizee, akatoka, Nchagwa akambebea sanduku la nguo mpaka stendi. Bango jipya bado linaning'inia mlangoni pale Kosele, na uzi wa kijani upo kwenye vidole vya Tony, kwa anayejua pa kutazama.